Vita vya Kitambaa na Mtetemo wa Pikapu

Sogeeni, enyi majirani na wapangaji, enyi wapita njia na nyote mliokaa vibarazani bila kazi! Zimeni redio, wanyamazisheni watoto, acheni sufuria ziungue zikitaka kuungua, kwani leo nawasimulia jambo ambalo, kwa maneno ya mwenyewe aliyelitenda, halijapata kutendwa tangu gurudumu libuniwe. Nanyi mashujaa wa kale, mliovunja ngome na kuvuka majangwa kwa miguu, jivuteni kidogo kwenye benchi lenu, mpisheni kaka yangu naye akae. Ngome hakuvunja. Alitafuta kwa nini pikapu yake inatetemeka ikienda mbio, na siku alipojua, alitaka mtaa mzima usimame.

Mimi ninayesimulia ni dada yake wa tumbo moja. Nilikaa ndani ya pikapu hiyo tangu vita vilipoanza hadi vilipokwisha, meno yakigongana mdomoni, kwa hiyo asitokee mtu kuniambia kwamba natia chumvi. Chumvi yote mtakayoionja humu ameitia kaka.

Basi jueni kwanza habari za shujaa. Mtaani anaitwa Kitambaa, kwa sababu hajaonekana hata siku moja bila kitambaa begani, na kitambaa hicho hakifuti jasho wala hakifuti makamasi ya wanawe, kinafuta pikapu tu. Kitambaa Mng'arisha-Mabati! Kitambaa Mpuliza-Vumbi-la-Taa! Mbuzi akipita karibu na pikapu, shujaa husimama. Mtoto akiiegemea, shujaa hunguruma. Mkewe, yaani wifi yangu, ni mwalimu wa shule ya msingi na hana muda wa upuuzi. Aliwahi kuniambia kwamba lau angezaliwa na bampa angependwa zaidi.

Pikapu yenyewe ni nyeupe, ina kiti kimoja kirefu cha kukaa watu watatu waliobanana, na umri wake ni ule ambao hata binadamu huanza kulalamika magoti. Ilikuwa nzima na ilikuwa na adabu. Lakini Kitambaa akaitazama siku moja kutoka upande, akakunja uso, akasema imeinama nyuma kama mtu anayeomba radhi. Akaenda kwa mhunzi wa springi, yale mabamba ya chuma yanayolala moja juu ya jingine chini ya sehemu ya nyuma na kubeba mzigo, akaongeza bamba juu ya bamba kwa mikono yake mwenyewe, mpaka pikapu ikanyanyua makalio juu na pua ikaelekea chini, ikawa kama kuku anayetafuta punje. Majirani wakacheka. Yeye akadhani wanashangilia, akawapungia mkono.

Haikupita wiki, adui akaingia. Mjini, kwenye mashimo na foleni, pikapu ilitulia tuli. Lakini ilipopanda barabara kuu na mshale wa spidi kugusa tisini, kulianza kuvuma chini ya kiti; ukipita tisini, kuvuma kukawa kutikisika; na ukifika mia, ee jamani, funguo zilicheza, kioo cha kati kilicheza, mashavu yangu yalicheza, na mtu akisema neno lilitoka limekatika vipande. Ukipunguza mwendo, kimya. Ukiongeza, anarudi tena.

Sasa mtauliza, enyi wenye akili: pikapu ikitetemeka, si ni ya mwenyewe? Atetemeke nayo! Hata mimi ningesema hivyo, nikaenda zangu. Lakini alikuwepo Mama.

Mama alianguka bafuni, akavunjika nyonga, akapasuliwa kwenye hospitali ya mji wa mbali, na baada ya hapo akakaa huko kwa mdogo wetu wa mwisho apate nguvu. Nguvu zikaja. Daktari akamruhusu arudi nyumbani, nyumba ile ninayoishi naye, kwenye kitanda chake na dirisha lake linalotazama ua wa nyuma, ambako huongea na jirani mpaka chai inapoa. Ila daktari aliweka masharti: asikae kitako muda mrefu njiani, na asitikiswe. Yaani gari liende mbio, na liende bila kutetemeka. Lilikuwa ni jambo hilo moja tu pikapu ya Kitambaa isiloliweza.

Na kukodi gari jingine? Nilimwambia Mama kwenye simu. Mama akanijibu, "Mwanangu kasema atanifuata yeye. Nikipanda gari la mtu baki, nitauweka wapi uso wake? Acha, mama. Nitamngoja." Nikakata simu nikiwa na hasira na wote wawili. Mwanamke amewekwa chuma mwilini, anatamani kitanda chake, na bado anamlindia heshima yake huyo wa kitambaa.

Ndipo Kitambaa alipoitisha baraza la vita. Lilikutana sebuleni kwake, wajumbe wakiwa mimi na wifi, na wifi alikuwa akisahihisha madaftari ya wanafunzi.

"Enyi wa nyumba yangu!" akanena shujaa, amesimama, mkono mmoja juu ya runinga. "Adui ametuvamia. Hana sura, hana jina, hajulikani akaapo. Lakini naapa mbele yenu, sitalala usingizi mnono mpaka nimtoe mafichoni na kumkanyaga kichwa! Mama yangu ataletwa nyumbani kwa gari hili na si kwa jingine, naye hatatikisika hata unywele!"

"Kunywa chai, inapoa," akasema wifi bila kuinua macho.

"Chai! Watu wako vitani, wewe unaongea chai!"

"Vita vyenyewe vinaanza saa ngapi? Nina darasa kesho."

Vikaanza asubuhi yake, na wa kwanza kushtakiwa alikuwa barabara. Kitambaa akaisimamia lami, akaitazama kwa dharau, akatamka kwamba imemwagwa na wavivu. Basi tukaenda kwenye barabara nyingine, mpya, nyororo, ambayo hata mistari yake ilikuwa bado inanukia rangi. Tukafika mia. Nikajing'ata ulimi. Barabara ikaachiwa huru, na hakuna aliyeiomba radhi.

Mshtakiwa wa pili akawa matairi. Lo, jinsi alivyoyatukana! Aliyaita manafiki ya duara. Fundi wa matairi akayafungua, akayaweka kwenye mashine ya kuyazungusha, akagonga vipande vyake vya risasi ukingoni mwa rimu kusawazisha uzito, akahakikisha hakuna rimu iliyopinda, akayarudisha. Kitambaa akampa mkono kama mfalme anayemvika mtu cheo. Tukatoka kwenda barabara kuu, safari hii na wifi katikati, maana shule zilikuwa zimefungwa na alitaka kushuhudia. Tisini. Mia. Mtetemo ukaja na salamu zake zote. Tukasimama kando, tukayabadilisha, ya mbele nyuma, ya nyuma mbele, mimi nikishika jeki juani na jasho likinitiririka. Tukaondoka tena. Mtetemo haukuhama hata kidogo.

"Hebu subiri," akasema wifi, sauti ikikatikakatika. "Mbona u-su-ka-ni umetulia? Ti-zama mikono yako. Kinachotetemeka ni ki-ti. Mimi makalio yangu yamekufa ganzi. Hii kitu iko nyu-ma."

Kitambaa akapunguza mwendo ili ajibu kwa ufasaha. "Mke wangu," akanena, "katika elimu ya magari kuna vipimo vingi. Makalio si kimojawapo."

Kwa kweli hapo ndipo vita vingeweza kwisha, Mama angelala kwake wiki ile ile, na mimi nisingekuwa na kisa cha kuwasimulia. Lakini shujaa akisikiliza, ataitwaje shujaa?

Tukasonga mbele hadi gereji, kwa fundi aitwaye Subiri. Jina hilo alipewa na wateja wake, kwani ukimuuliza chochote hukuambia subiri, na ukisubiri hukuti kitu. Naye hapungukiwi majivuno. Wakakutana wawili hao chini ya paa la mabati, kati ya injini zilizopasuliwa na makopo ya grisi, wakapimana kwa macho, na kila mmoja akasema yake.

"Mimi," akasema Subiri, akijifuta mikono taratibu, "gari haliniambii uongo. Likikohoa, mimi najua limelala wapi."

"Nami," akajibu Kitambaa, "sijaleta gari, nimeleta fumbo. Limewashinda wanaume."

"Wanaume gani?"

"Fundi wa matairi."

"Yule?" Subiri akacheka mpaka akakohoa. "Subiri uone."

Akakamata usukani yeye, tukapanda barabara kuu, akafika mia, na pale pikapu ilipokuwa inachemka kwa mtetemo akatoa gia, injini ikashuka sauti ikabaki kunong'ona. Mtetemo ukabaki vile vile. Subiri akanyoosha kidole juu. "Injini imepumzika na bado tunatetemeka. Basi si injini. Ni kitu kinachozunguka na magurudumu."

Hata mimi nisiyejua spana nilielewa. Lakini Kitambaa alitikisa kichwa kwa huzuni ya mtu anayejua zaidi. "Injini inajificha," akasema. "Imejua tunaipima." Na tuliporudi gereji akamwamuru Subiri afungue raba zinazoishikilia injini, azibadilishe zote. Subiri akajaribu kuinama kutazama nyuma, chini, upande wa springi. Hapo shujaa akaruka mbele, akatandaza mikono kama anayelinda lango.

"Huko usiguse! Huko nyuma hakuna ubaya, huko nimepafanya kwa mkono wangu mwenyewe!"

Nawaambieni, kuna watu wangeweza kuanzia hapo. Mtu akikuambia sehemu moja ya gari haina shida kwa sababu aliishika yeye, wewe anza hapo. Lakini Subiri akainua mabega, akasema, "Gari ni lako," akarudi kwenye injini huku akipiga mluzi. Hakubisha, kwa kuwa mteja mkaidi hurudi mara nyingi. Raba mpya zikafungwa. Pikapu ikatetemeka na raba mpya.

Ikawa hivyo, siku zikapita. Shujaa akafunga milango vizuri zaidi. Akakaza ubao wa tela, huko nyuma kunakopakiwa mzigo. Akavua kioo cha kati, kwa hoja kwamba kioo ndicho kilichokuwa kikitetemeka kuliko vyote, na labda ndicho chanzo. Nilimwambia kaka, ukimvua mgonjwa shati hujamponya homa. Akaniambia nikae kimya, wanawake hatuna subira ya utafiti.

Mwanzoni Mama alikuwa akipiga simu kila siku asubuhi. "Mmefika wapi na hilo gari?" Au, "Mwambie nimeshakunja nguo zangu." Au alieleza jinsi kitanda cha wajukuu kilivyo kifupi, na jinsi wanavyomhurumia mpaka anachoka, hawamwachi hata aoshe kikombe. Nilikuwa nacheka naye. Kisha simu zikapungua, nami nikawa ndiye ninayepiga. Siku moja nikampigia, nikamweleza kuhusu raba za injini, akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Basi, msihangaike. Nimeshazoea huku."

Nimeshazoea huku! Mama yangu, ambaye hawezi kulala nyumba ya mtu bila kuuliza saa ngapi tunaondoka! Nikaenda chumbani kwake nikaketi kwenye kitanda chake, nikalia. Sioni haya kusema. Nililia kwa uchungu na kwa hasira, na hasira ndiyo ilikuwa kubwa zaidi.

Wiki hiyo hiyo kaka za wifi wakaalikwa harusi ng'ambo ya pili ya mkoa. Fahamuni kwamba kaka za wifi si watu wa kupuuzwa. Ni wapana, ni wazito, mmoja wao akiingia dukani mwenye duka huwasha taa. Kitambaa huwaogopa kwa heshima, kama mkwe yeyote mwenye akili. Wakaomba usafiri, akakubali kabla hawajamaliza sentensi. Wakapanda nyuma wote, wakakaa kwenye viti vya plastiki, suti zimewabana, pikapu ikaugulia chini na makalio yake yakashuka. Tukapanda barabara kuu. Mimi nikajishika tayari. Tisini. Mia. Mia na kidogo.

Kimya.

Enyi wasikilizaji, ilikuwa kimya hata nikasikia saa ya mkononi ya wifi. Pikapu iliteleza. Kitambaa akatazama mshale, akatazama barabara. Harusini hakula. Tuliporudi na kuwashusha mashemeji, alituita kando, mimi na mkewe, akatamka hukumu yake.

"Nimeujua," akasema kwa sauti ya chini. "Mtetemo huu una adabu."

"Una nini?" nikauliza.

"Una adabu. Umewaona wakwe, ukaona haya, ukanyamaza. Sijui ni kwa njia gani, lakini mmeshuhudia wenyewe. Basi shauri langu ni hili: siku ya kumfuata Mama nitawaomba mashemeji wapande nyuma, twende nao na turudi nao."

Wifi alikaa chini. Hakukaa kwenye kiti, alikaa palepale chini kwenye kizingiti cha mlango, akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Kaka zangu wana kazi zao," akasema alipopata pumzi. "Na Mama akirudishwa nyumbani na wanaume wazima wamejazana nyuma wamevaa suti, mtaa mzima utadhani tumeleta maiti!"

"Una wazo bora?"

"Ninalo. Kamwombe jirani mifuko ya mchanga, si anajenga? Halafu tuone kama mchanga nao una adabu."

Haya! Kesho yake tukapakia mchanga, mimi na wifi tukibeba na shujaa akisimamia. Tukaenda. Mia, kimya. Tukasimama kando, tukashusha nusu ya mifuko, tukaenda tena. Ukaanza kuvuma kidogo, kwa mbali. Tukashusha yote, tukaenda. Ukatutikisa mpaka wifi akapiga kelele. Basi hata mjinga angeona, na mjinga wetu akaona. Nilimtazama usoni jinsi alivyoona, na jinsi alivyojitahidi kutoona.

"Nyuma ikishuka linatulia," nikamwambia. "Nyuma ikiinuka linatetemeka. Kaka, nani aliyeiinua?"

Akatazama dirishani.

Tukaenda kwa Subiri. Safari hii alilala chini ya pikapu bila kuzuiwa, akatoka na uso wa mtu aliyekutana na rafiki wa zamani. "Hiyo propela," akasema, "huo mti wa chuma unaotoka kwenye gia kwenda kuzungusha magurudumu ya nyuma, unatakiwa ulale karibu na usawa. Wewe umeinua nyuma, nao umelala mshazari, viungo vyake vimepinda kupita kiasi. Polepole vinavumilia. Kwa kasi vinapigapiga. Ukiweka mzigo, nyuma inashuka, unalala vizuri, mtetemo unakwisha. Toa yale mabamba uliyoongeza, umemaliza."

"Kumbe ulijua?" nikamrukia.

"Niliambiwa nisiguse. Subiri, usinipigie kelele mimi, mpigie huyo."

Na hapo, enyi kizazi, ndipo pambano kuu lilipopiganwa, na halikupiganwa kwa spana. Kitambaa alisimama mbele ya pikapu yake iliyonyanyua makalio, akaitazama kama baba anayeambiwa anyoe nywele za mwanawe. Akaanza kujadiliana. Je, hawezi kubaki na mchanga daima? Je, haiwezekani kuinua na mbele pia, ili zote zilingane? Je, si kweli kwamba msimamo wa gari ni sehemu ya usalama wake, kwa kuwa madereva wengine huipisha njia? "Nikiishusha," akasema, "watu watasema nilikosea."

Nikapandwa na hasira. Nikamvuta kwa kola, yeye mkubwa wangu, mbele ya mafundi wote.

"Kaka, Mama ameacha kuuliza! Unanisikia? Hapigi simu tena. Anasema amezoea. Mama kuzoea nyumba ya mtu! Ameshafungua nguo alizokuwa amezikunja, amezirudisha kabatini kwa watu, kwa sababu yako wewe na makalio ya gari! Anakulindia uso, hataki kupanda gari la mtu mwingine, na wewe unalinda uso wako mwenyewe. Sasa nani anamlinda yeye?"

Mtu aliyekuwa akigonga bati akaacha kugonga. Kitambaa akavua shati, akaliweka juu ya boneti, akachukua spana kubwa mkononi mwa Subiri.

"Nitayatoa mwenyewe," akasema.

Akaingia chini. Na sasa nipeni pumzi niimbe, kwa kuwa hapa shujaa alistahili angalau nusu ya wimbo. Nati zilikuwa zimeota kutu na hazikutaka kusikia. Akazinyunyizia mafuta, akazibembeleza, akazitukana ukoo wao, akazirudia. Spana ikateleza ikamchuna vidole, akalaani, akarudi. Kutu ilimmwagikia machoni. Miguu yake miwili tu ndiyo ilionekana, inapiga ardhi kila nati ilipogoma, na kutoka chini ya pikapu zikatoka hotuba ambazo siwezi kuzirudia mbele ya watoto. Nati ya kwanza ikalegea na kilio. Zikafuata nyingine. Bamba likaanguka, kang! Jingine likaanguka. Pikapu ikapumua, ikashuka, ikakaa kama ilivyozaliwa, imeinama kidogo nyuma, kama mtu wa kawaida mwenye kazi zake.

Kitambaa akatoka, uso mweusi kwa grisi. Akaitazama. Nilidhani atalia. Tukaingia, tukapanda barabara kuu, tela tupu, hakuna mchanga wala mashemeji. Tisini. Mia. Palikuwa na mlio wa upepo tu kwenye madirisha.

"Dada," akasema.

"Naam."

"Nimeushinda."

Jamani! Ameushinda! Aliyemwita adui, akamkaribisha, akamlisha, akamlinda mlangoni asiguswe, sasa amemshinda! Nilikuwa na maneno mengi tayari mdomoni. Nikayameza, kwa kuwa barabara ile ile, tukiifuata mbele, ndiyo inayokwenda kwa Mama. "Usigeuze," nikamwambia. "Nenda moja kwa moja."

Tukafika mchana. Mama alikuwa amekaa uani kwa mdogo wetu, gongo mapajani, ananyambua majani ya mboga ambayo hakuna aliyemwomba anyambue. Alipotuona aliyaweka chini. Alimtazama Kitambaa mwenye grisi hadi masikioni, akanitazama mimi, akatazama pikapu. Aligeuka akamwambia mdogo wetu, "Niletee nguo zangu," na sauti yake ilikuwa imebadilika kabisa.

Tukamweka katikati, mto mgongoni, mto chini. Kitambaa akaendesha kama amebeba mayai ya mfalme, kisha alipoona barabara iko wazi akapandisha, tisini, mia, na hapo akaanza kumtazama Mama kwa pembe ya jicho, akingoja. Kichwa cha Mama kilikuwa kimelala begani kwangu, mdomo wazi kidogo. Alikuwa amelala fofofo. Nikamwonyesha kaka kwa ishara anyamaze. Akavumilia. Akavumilia tena kidogo. Kisha, enyi wasikilizaji, yule mtu akanyoosha mkono akamtikisa mama yake.

"Mama! Mama, amka usikie!"

Mama akashtuka. "Nini? Tumefika?"

"Bado. Sikiliza. Tuko mia."

Mama akasikiliza, macho yamemtoka. "Sisikii kitu."

"Ehee!" akanguruma shujaa. "Ndiyo hiyo! Hakuna kitu!"

Mama akamtazama. "Mwanangu," akasema, "umeniamsha nisikie kwamba hakuna kitu?" Akarudisha kichwa begani kwangu, akalala tena kabla sijamaliza kucheka.

Tulipoingia mtaani, Kitambaa alipiga honi tangu kona ya kwanza. Majirani wakatoka. Akashuka kabla ya mtu mwingine yeyote, akasimama mbele ya pikapu yake iliyoshuka, akaanza: jinsi adui alivyokuwa mjanja, jinsi wataalamu walivyoshindwa, jinsi alivyomfuata adui hatua kwa hatua hadi kwenye propela na kumng'oa kwa mikono yake hii, tazameni vidole. Watu wakasikiliza. Wengine wakapiga makofi. Hakuna aliyeuliza nani aliyeyaweka yale mabamba, naye hakuona haja ya kulisumbua kundi kwa jambo dogo kama hilo.

Mimi na wifi tulikuwa tukimshusha Mama. Alikataa kubebwa. Akashika gongo, akashika ukuta, akanyanyua mguu mbovu kwanza akauvusha kizingiti, kisha mzima, akasimama ndani ya nyumba yake mwenyewe akihema. Akatazama sebule, akatazama mlango wa chumba chake kule mwisho. Akasema, "Pamekuwa na vumbi," na akaanza kutembea kwenda kitandani kwake.

Nikashindwa kujizuia. Nikapiga kigelegele, kirefu, cha nguvu zote kifuani, mpaka koo likauma. Wifi akakidaka, na wanawake nje wakakidaka, mtaa mzima ukalia kwa vigelegele. Na huko nje, katikati ya hotuba yake, Kitambaa Mng'arisha-Mabati akanyamaza, akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa taratibu kuwashukuru.